Kutoka Mugere Hadi Ujiji: Tulivyoifuata Njia ya Kiswahili Kando ya Ziwa

Kila mwaka tunapofikia somo la kuenea kwa Kiswahili, huwa tunachora ubaoni mshale mmoja mrefu. Mshale huo huanzia Bagamoyo, hupitia Tabora na kuishia Ujiji, halafu tunafuta ubao na kuendelea na mada nyingine. Mwaka huu mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili alinyosha mkono kabla hatujafuta. Aliuliza: ikiwa mshale unaishia Ujiji, Kiswahili kilifikaje Bujumbura? Kilipanda gari gani? Darasa zima lilicheka, nasi tulicheka pamoja nao, lakini jibu tulilompa siku ile halikuturidhisha sisi wenyewe. Ndipo ilipozaliwa fikra ya kukodi basi dogo na kwenda kuitazama njia hiyo kwa macho, kuanzia mlangoni petu hadi kule mshale unakoishia.

Maandalizi hayakuwa rahisi. Mafuta ya gari, kama wasomaji wetu wa Burundi wanavyojua, yamekuwa ya kusubiriwa, na safari iliahirishwa mara mbili kwa sababu hiyo. Hatimaye tuliondoka alfajiri, wanafunzi kumi na wanne na walimu watatu, tukiwa na mkate, ndizi na daftari moja kubwa ambalo kila mmoja alitakiwa kuandikia humo neno lolote la Kiswahili litakalomshangaza njiani. Daftari hilo ndilo lililotusaidia kuandika makala haya.

Kituo cha kwanza kilikuwa karibu mno. Mugere iko kama kilomita kumi na mbili tu kusini mwa Bujumbura, na wengi wetu tulikuwa tumepita hapo mara nyingi bila kusimama. Juu ya barabara, mahali ambapo ziwa linaonekana lote mpaka milima ya Kongo ng'ambo, kuna jiwe kubwa lililochongwa majina mawili, Livingstone na Stanley, pamoja na tarehe ya 25 Novemba 1871. Baadhi ya watu huamini kwamba hapa ndipo Wazungu hao wawili walipokutana kwa mara ya kwanza na kusalimiana ile salamu iliyosifika duniani kote. Hata baadhi ya wanafunzi wetu walikuwa wamefundishwa hivyo shuleni.

Sivyo ilivyokuwa. Wawili hao walikutana Ujiji majuma machache kabla. Baada ya hapo, katikati ya Novemba, walipanda mtumbwi pamoja na watu wao na kupiga makasia kuelekea kaskazini ili kulimaliza swali moja lililowagawa wanajiografia wa Ulaya: je, mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia? Kama ungekuwa unatoka, huenda ziwa Tanganyika lingekuwa chimbuko la Nile. Burton na Speke walikuwa wamejaribu kulijibu swali hilo mwaka 1858, wakafika hadi Uvira, wakaambiwa na wenyeji kwamba mto unaingia, wakarudi bila kuuona mdomo wake. Livingstone na Stanley waliuona. Unaingia. Hapa Mugere walilala siku mbili tu, wakiwa katika nchi ya Uzige kwa chifu Mukamba, kisha wakaendelea na shughuli yao.

Tulijadiliana kwa muda pale jiweni iwapo ni vyema kumsahihisha mtu anayejivunia kwamba tukio kubwa lilitokea kijijini kwake. Wengine walisema historia ni historia. Mmoja akasema kwamba kwa wenyeji wa Mugere, kufika kwa mtumbwi ule ndiko kulikuwa kukutana. Hiyo nyingine ilikuwa habari ya magazeti ya New York. Hatukuafikiana, na ni afadhali, maana jua lilikuwa linapanda.

Lakini lipo jambo moja katika jiwe lile ambalo sote tuliliona. Majina ni mawili, ilhali mtumbwi haukuwa na watu wawili. Walikuwamo wapiga makasia, viongozi wa njia, mpishi na wakalimani. Lugha waliyokuwa wakiitumia kati yao, na baina yao na mabwana zao, ilikuwa Kiswahili. Kwa hiyo tukitaka kumjibu mwanafunzi wetu kwa mfano mmoja tu, tunaweza kumwambia kwamba Kiswahili kilikuja Uzige kwa mtumbwi, nacho kilikaa upande wa makasia.

Bila shaka mtumbwi wa mwaka 1871 haukuwa wa kwanza. Wafanyabiashara kutoka Ujiji walikuwa wakija pwani hii tangu awali kununua pembe za ndovu, chumvi na watu. Tunasema watu, maana ndivyo ilivyokuwa, na safari ya namna hii haiwezi kufanywa kwa kuangalia mandhari peke yake. Katika miaka ya 1880 aliyetawala biashara ya Ujiji alikuwa Muhammad bin Khalfan, aliyejulikana zaidi kwa jina la Rumaliza. Wanafunzi walilitafsiri jina hilo kwenye basi bila msaada wa kamusi: yule anayemaliza. Rumaliza alivamia mwambao wa Burundi, ila alishindwa kuingia milimani, kwani majeshi ya mwami Mwezi Gisabo yalimzuia. Hapo ndipo tunapoona kwa nini ramani ya Kiswahili katika nchi yetu ilichukua sura iliyo nayo. Kiswahili kilishika ukanda wa ziwa, Bujumbura, Rumonge na Nyanza-Lac, huku milimani Kirundi kikibaki peke yake. Mpaka wa lugha ulifuata mpaka wa mikuki.

Wajerumani walipojenga kituo chao cha kijeshi Usumbura mwaka 1897 waliikuta lugha hiyo tayari imeketi ufukweni, wakaitumia kwa askari na makarani wao kama walivyofanya kote katika koloni lao. Wabelgiji waliokuja baada yao mwaka 1916 hawakuipenda sana. Shuleni walipendelea Kirundi na Kifaransa. Kiswahili kikabaki kuwa lugha ya soko, ya gereji, ya msikiti na ya mitaa kama Buyenzi. Mpaka leo, katika mazungumzo ya mitaani kwetu, kumwita mtu mswahili kunaweza kuwa na maana ya mjanja asiyeaminika. Sisi tunaofundisha lugha hii tunaijua kauli hiyo vizuri. Kuna wazazi wanaotuuliza kwa upole ni kwa nini mtoto wao, aliyefaulu vizuri, amepangiwa idara ya Kiswahili.

Rumonge tulifika saa nne. Mji umezungukwa na michikichi, na harufu ya mawese inaingia ndani ya basi kabla nyumba hazijaonekana. Hapo tulinunua samaki wa kukaanga, na daftari likapata neno lake la kwanza. Samaki tunayemwita mukeke, wachuuzi waliotoka Kigoma walimwita mgebuka. Ni samaki yuleyule, maji yaleyale, na wavuvi wanaoonana usiku kwa taa zao. Kuhusu historia, Rumonge ina kumbukumbu nzito: mwaka 1881 wamisionari watatu wa shirika la White Fathers waliuawa hapa, na kazi ya misheni ikasimama kwa miaka kadhaa. Hatukukaa sana. Tulikuwa na mpaka wa kuvuka na dereva wetu hapendi kuendesha usiku.

Baada ya Nyanza-Lac barabara inaliacha ziwa na kupanda. Kwa wale wanaopenda mandhari, hiki ndicho kipande bora cha safari nzima: nyuma yako maji ya buluu yanayofikia kina cha mita 1,470, na mbele yako mashamba ya mihogo na migomba yaliyobandikwa mlimani kama viraka. Tulivuka mpaka Mugina, tukatokea Manyovu upande wa Tanzania. Wanafunzi walikuwa wamejiandaa kuzungumza Kiswahili fasaha na maafisa, na walifanya hivyo. Ila walipotoka nje kununua maji walimkuta mama muuza duka akizungumza Kiha, wakamjibu kwa Kirundi, na hakuna aliyehitaji mkalimani. Lugha hizo mbili ni ndugu wa karibu kiasi kwamba mpaka uliochorwa na wakoloni unapita katikati ya sentensi moja. Katika daftari mtu aliandika: "Hapa Kiswahili ni cha ofisini." Hilo lilitufaa sana kwa mjadala wa baadaye darasani kuhusu lugha na mazingira.

Kutoka Manyovu ni mwendo wa kama kilomita sitini kuteremka hadi Kigoma. Tulilala huko, na asubuhi tukaenda Ujiji, ambako kwa sasa unafika kwa gari kwa dakika chache tu.

Anayekwenda Ujiji akitarajia mji mkubwa atashangaa. Ni mitaa ya mchanga, nyumba za matofali, misikiti na miembe mingi mikubwa. Mwaka 1858, Burton alipofika akiwa mgonjwa asiyeweza kutembea vizuri na Speke akiwa na macho yaliyougua kiasi cha kuliona ziwa kama ukungu, hapa palikuwa mwisho wa njia ya zaidi ya kilomita 1,200 kutoka pwani. Kila mzigo wa shanga, nguo na nyaya za shaba uliotoka Bagamoyo ulifika mabegani mwa wapagazi, na kila pembe iliyorudi ilirudi vivyo hivyo. Njia hiyo, pamoja na vituo vyake sita, kuanzia Bagamoyo kupitia Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde na Kwihara hadi Ujiji, iliingizwa na Tanzania mwaka 2006 katika orodha ya awali ya maeneo yanayopendekezwa kuwa urithi wa dunia.

Jumba la makumbusho liko mahali penyewe pa tukio. Uani kuna mnara wa mawe, na pembeni yake miembe miwili inayosemekana kupandikizwa kutoka ule mwembe wa asili uliowatilia kivuli Livingstone na Stanley. Zamani maji ya ziwa yalikuwa karibu. Sasa ufuko uko mbali kidogo. Ndani kuna picha za kuchora, maelezo ya biashara ya utumwa, na kitu ambacho wanafunzi walikuwa wamekingoja tangu Bujumbura: sanamu mbili za ukubwa wa mtu, zilizofinyangwa kwa karatasi na kupakwa rangi, Livingstone na Stanley wakisalimiana. Tuseme ukweli, zinachekesha. Zimesimama kikakamavu kama mabwana harusi wanaosubiri kupigwa picha. Tulicheka, tukapiga picha nasi, na mwongoza wageni alituachia tucheke kwanza, kama mtu aliyezoea, ndipo akaanza kusimulia.

Alisimulia vizuri. Alieleza jinsi Livingstone alivyofika Ujiji kwa mara ya kwanza mwaka 1869 na kukuta sehemu kubwa ya vitu vyake imeibwa. Jinsi alivyovuka kwenda Manyema. Na jinsi alivyoshuhudia Julai 1871 mauaji ya sokoni Nyangwe, ambapo watu wa wafanyabiashara waliwafyatulia risasi wanawake waliokuja kuuza na kununua. Alirudi Ujiji Oktoba, mgonjwa na mnyonge, akakuta vifaa alivyoletewa vimeuzwa. Siku chache baadaye Stanley akaingia mjini na bendera ya Marekani mbele. Stanley aliandika kwamba ilikuwa tarehe 10 Novemba. Hesabu ya Livingstone inaelekeza siku za mwisho za Oktoba. Wote wawili walikuwa wameugua homa na kupotelewa na siku, kwa hiyo mwanafunzi wa historia asikubali tarehe hiyo kama anavyokubali tarehe ya uhuru.

Tulimwuliza mwongozaji: Susi yuko wapi? Akatabasamu. "Susi hana sanamu," alisema, "ila bila Susi hawa wasingeonana."

Kwa wale wasiomfahamu, Abdullah Susi alikuwa mtumishi wa Livingstone aliyekuwa naye tangu safari za Zambezi. Stanley alipokaribia mji, mtu wa kwanza kutoka katika umati kumsalimu kwa Kiingereza alikuwa Susi, na ndiye aliyekimbia kumpasha habari bwana wake. Umati wenyewe ulimsalimu Stanley kwa Kiswahili, naye katika kitabu chake aliandika salamu hiyo kama "yambo". Tulilizungumza neno hilo kwa muda mrefu kuliko sanamu. Ni rahisi kudhani kwamba Mzungu alisikia vibaya akaandika y badala ya j. Lakini sisi tunaoishi karibu na Uvira tunajua kwamba upande wa Kongo watu husema yambo hadi leo. Huenda basi sikio la Stanley lilikuwa sahihi kuliko tunavyomdhania, na tahajia yake ni ushahidi mdogo wa Kiswahili cha bara kilivyotamkwa Ujiji mwaka 1871. Tumewaachia wanafunzi wa mwaka wa tatu walichunguze.

Livingstone alipofariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, ni Susi, James Chuma na wenzao walioukausha mwili wake na kuubeba hadi Bagamoyo, ambako walifika Februari 1874. Ulizikwa London mwezi Aprili mwaka huohuo. Susi na Chuma walichelewa mazishi, lakini baadaye walipelekwa Uingereza na kumsaidia mhariri wa shajara za mwisho za Livingstone kuelewa majina na mahali. Yaani kitabu hicho kina mkono wao ndani yake. Yupo pia Sidi Mubarak Bombay, aliyeuzwa utumwani India akiwa mdogo, akarudi Afrika akiwa huru, akaliona ziwa hili pamoja na Burton na Speke mwaka 1858, tena na Stanley mwaka 1871, tena na Cameron mwaka 1874. Mara tatu! Hao wageni wanne kila mmoja alifika kama mgunduzi. Bombay alikuwa anarudi mahali anapopajua.

Hatusemi haya kuwalaumu walioijenga makumbusho. Tunasema kwa sababu wanafunzi wetu walitoka mle ndani wakiwa kimya kidogo, na mmoja wao, ambaye hapo awali alikiri kwamba huwaficha jirani zake anasomea nini, alisema jambo ambalo tumelirudia mara kadhaa katika mikutano ya idara. Alisema alidhani Kiswahili kililetwa na wenye bunduki. Sasa anaona kwamba waliokibeba hasa walikuwa wenye mizigo, na wengine wenye minyororo, waliotoka makabila mbalimbali na kuhitaji neno moja la kuombana maji. Tulimkumbusha kwamba wenye bunduki pia walikisema. Alikubali. Tulikwenda ufukoni, ambako mafundi wanaunda mitumbwi na maboti ya mbao kwa shoka na tezo, tukakaa hapo mpaka adhuhuri.

Kuhusu Kigoma yenyewe tutasema machache. Reli ya kati iliyojengwa na Wajerumani ilifika hapo mwaka 1914, na kwa kuwa bandari yake ni nzuri zaidi, Ujiji ukalala usingizi ambao haujaamka. Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma kwenda Kongo Aprili 1965, na katika kikosi chake majina ya siri yalianza kwa tarakimu za Kiswahili: Moja, Mbili, na yeye mwenyewe Tatu. Wanafunzi walilipenda sana hilo. Gombe, alikofika Jane Goodall mwaka 1960 kuwachunguza sokwe, hatukwenda. Nauli ya boti ilitushinda.

Lakini ipo meli moja ambayo hatuwezi kuipita. Ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa ndani ya masanduku 5,000 na kuunganishwa upya Kigoma. Ilizinduliwa mwaka 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916 ili isitekwe, ikaibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba. Tulikuwa tumesimama juu ya bandari tukiyaeleza haya, huku mwalimu mmoja akisoma tarehe kwenye karatasi, ndipo msichana mmoja wa mwaka wa kwanza aliposema kwa sauti ya chini kwamba yeye amewahi kuipanda.

Ilikuwa Mei 2015. Maelfu ya Warundi waliokimbia machafuko ya mwaka ule walikwama Kagunga, kijiji cha ufukoni karibu na mpaka, mahali pasipo na barabara. Kipindupindu kiliingia. Liemba ndiyo iliyokuwa ikiwachukua kutoka Kagunga na kuwaleta Kigoma, mamia kwa mamia, ili wapelekwe kambini. Yeye alikuwa mtoto. Anakumbuka kwamba meli haikuweza kusogea ufukoni, kwa hiyo walipelekwa kwa boti ndogo, na kwamba mtu aliyempokea juu alimwambia, "Shika hapa, mwanangu." Hakuyajua maneno hayo. Aliyajua kwa mkono uliokuwa unamwonyesha mahali pa kushika. Kiswahili anachokisoma kwetu alijifunza kambini, kwa miaka kadhaa, kabla ya kurudi nyumbani.

Baada yake wawili wengine walisema. Mmoja, babu yake alikimbia mwaka 1972 na kupitia Manyovu, barabara ileile tuliyoiteremka tukiimba. Mwingine alizaliwa upande huu katika ukimbizi ulioanza mwaka 1993. Katika kundi la wanafunzi kumi na wanne, watatu. Tulikuwa tumewaleta kuwaonyesha njia ya Kiswahili, na wao walikuwa wameshaipita kabla yetu kwa miguu na kwa meli.

Hatukujua la kusema, na nadra sana hali hiyo hutokea kwa walimu. Dereva alipiga honi kutukumbusha mpaka. Njiani kurudi daftari lilipita mkono kwa mkono, na katika ukurasa wa mwisho, chini ya mukeke na mgebuka na yambo, yule msichana aliandika "shika hapa", akaweka mwaka pembeni, 2015. Daftari liko ofisini kwa katibu wa idara, kwa yeyote atakayependa kulisoma. Mwaka kesho, mafuta yakipatikana, tunakusudia kwenda Uvira.